Mama Ngiri Aliyesahau Kuacha Kuchimba

Paukwa!

Pakawa!

Upande wa watu wazima sikuusikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmefika. Zamani za kale, zile ambazo hata babu wa babu yangu alizisikia kwa mwingine, wanyama wa Bonde la Migunga walikutana. Kabla sijasema walichokutania, nitawataja waliohudhuria, mmoja mmoja, kwa majina yao. Hadithi isiyo na majina ni uvumi.

Alikuwapo Bibi Tembo. Ndiye mwenyekiti.

Alikuwapo Bwana Nyani. Ndiye msemaji wa wote. Hakuna aliyemchagua.

Alikuwapo Bwana Twiga, mrefu kuliko wote, na jambo hilo alilitaja kila alipopata nafasi.

Alikuwapo Fisi. Fisi hakuwa na cheo. Alisikia kuna mkutano, akadhani kuna chakula.

Alikuwapo Mzee Kobe, ambaye aliondoka nyumbani siku mbili kabla mkutano haujaitishwa, kwa tahadhari.

Alikuwapo Mama Ngiri na watoto wake wanne, wa kike wote: Mashavu, Tabu, Chausiku, na Wewe. Huyu wa nne jina lake si Wewe. Jina lake ni Zawena. Mama yake alimpa jina hilo asubuhi aliyozaliwa, na kufika adhuhuri akawa amelisahau. Toka hapo akamwita Wewe. Mimi sikulisahau, na nyinyi msilisahau.

Na alikuwapo Korongo, mgeni wetu. Nasema Korongo ndege, mweupe mwenye ncha nyeusi za mabawa na miguu mirefu myekundu. Sisemi korongo lile linalochimbwa na maji shambani.

Sungura hakuwapo. Najua mnamngoja. Alikuwa msibani kwa wakwe zake, na hadithi hii itakwisha kabla hajarudi.

Mpo?

Tupo.

Basi. Mwaka ule ulikuwa wa pili bila mvua. Mto wa bondeni ulikauka mpaka mchanga wake ukawa unga. Lilibaki dimbwi moja tu, Dimbwi la Matete. Matete yalikwisha, likabaki jina. Maji yake yalikuwa mazito kama uji wa mgonjwa. Wanyama walikunywa kwa zamu, wakifumba macho.

Mto Mkubwa ulikuwako, lakini kwenda huko ni safari ya siku tisa juani. Bibi Tembo angeweza. Twiga angeweza. Nyani angeweza, akibebwa. Mzee Kobe asingeweza, maana siku tisa za Tembo ni miaka mitatu ya Kobe. Na watoto wa Mama Ngiri wasingemaliza hata siku ya pili, hasa yule mdogo, Zawena, ambaye miguu yake ilikuwa imeanza kutetemeka kama vijiti vya moto.

Bibi Tembo akasema ya kwamba dimbwi lina siku saba. Siku ya nane, asubuhi, msafara utaondoka kwenda Mto Mkubwa, na awezaye kutembea atatembea. Wanyama wote wakawatazama watoto wa Mama Ngiri. Kisha wote wakatazama pengine.

Hapo ndipo Korongo alipoomba kusema.

Akasema ametoka kaskazini, nchi ya Waebrania, na huko nako kulikuwa na ukame. Watu walikuwa wamekaa katika bonde lao kavu, ndimi zimewatoka, wakamwendea nabii. Jina la nabii huyo Korongo hakulileta, na jina nisiloletewa silitaji. Nabii akawaambia wachimbe mashimo katika bonde kavu. Wakacheka kidogo, kwa heshima, halafu wakachimba. Na maji yakaja, kwa njia ambayo hakuna aliyekuwa akiitazama.

"Mimi nilikuwa nimesimama kando nikila panzi," Korongo akasema. "Nabii akanitazama. Akaniambia: Wewe mwenye miguu mirefu, unakwenda kusini. Huko nako wapo wenye kiu. Waambie kila mmoja achimbe shimo lake katika bonde, refu kwa kimo chake mwenyewe. Wasingoje wingu. Mawingu si kazi yao. Kazi yao ni shimo. Maji yana Mwenyewe, na Mwenyewe anaijua njia."

Wanyama wakatazama juu.

Mama Ngiri akauliza kama watoto wake nao watakunywa. Korongo akasema nabii hakumtaja mtoto wala mzee. Alisema wenye kiu.

"Basi mimi nachimba," Mama Ngiri akasema.

Korongo akainuka. Alikuwa amepewa mabonde matatu ya kuyaambia, na hili lilikuwa la kwanza. Akasema akirudi, wakati wa kurudi kwake kaskazini, atapita anywe nao. Akapiga mabawa, pwaa, pwaa, pwaa, akaenda zake. Dimbwini hakunywa hata tone. Alisema ni la wenyeji.

Sasa, hawa ngiri mnawajua. Ngiri hukimbia mkia juu kama mlingoti wa bendera. Hukimbia, hukimbia, halafu husimama akajiuliza, mimi nakimbia nini? Kichwa chake ni kikubwa, lakini ndani mna nafasi ya jambo moja kwa wakati mmoja. Likiingia la pili, la kwanza hutoka. Mama Ngiri alikuwa msahaulifu hata kwa ngiri wenzake, na ngiri si watu wa kushangaa mambo hayo.

Lakini siku ile lile jambo moja lililoingia lilikuwa: chimba.

Akateremka bondeni, pale ambapo udongo wa mfinyanzi ulikuwa mgumu kama chungu kilichochomwa. Akapiga magoti, maana ngiri hupiga magoti akila na akichimba. Akaanza.

Pua ardhini, fuu. Pembe ardhini, kwachu. Udongo nyuma, tifu.

Fuu, kwachu, tifu. Fuu, kwachu, tifu.

Mzee Kobe naye akateremka. Alifika kesho yake. Akachimba kwa makucha, kri, kri, kri. Kimo cha Kobe ni shubiri moja na kidole. Akachimba shubiri moja na kidole, akaingia ndani kujipima, akatoshea, akatoka, akalala pembeni.

Bwana Nyani alipita akakitazama kile kishimo. Akasema hata chura angeuliza kiko wapi.

"Niliambiwa kimo changu," Kobe akajibu. "Hiki ndicho kimo changu. Ningechimba cha Tembo ningekuwa najisifu."

Na wengine, je? Wengine hawakukataa. Hilo mliandike vizuri. Hakuna aliyesema hapana. Walisema ndiyo, lakini kwanza tuelewane.

Siku ya kwanza, Nyani aliuliza swali. Hawa wenye nabii ni Waebrania. Sisi ni wa Bonde la Migunga. Je, neno la Waebrania linafika huku, au linaishia mpakani? Wakalijadili swali hilo mpaka jua likageuka. Wakakubaliana kwamba linaweza kufika, lakini litakuwa limechoka.

Nyani akaenda kumweleza Mama Ngiri, ili asijichoshe. Alimkuta amepiga magoti, vumbi mpaka masikioni.

"Mama, unasali au unachimba?"

"Vyote, baba. Magoti ni haya haya."

Nyani akaketi ukingoni akamweleza kwa ufasaha. Alikuwa na sauti nzuri ya kueleza. Mama Ngiri akasikiliza, akatikisa kichwa, akakubali. Akasema ni kweli kabisa, hakuliwazia hilo, ahsante baba. Akawakusanya watoto, Mashavu, Tabu, Chausiku na Wewe, akaondoka mkia juu, chaka chaka chaka chaka, kuelekea nyumbani. Alipofika nusu ya njia akasimama. Akajiuliza anakwenda wapi. Akatazama huku, akatazama kule. Akaona nyayo zake mwenyewe, akazifuata, zikampeleka shimoni. Akalitazama shimo. Nani aliniambia nichimbe? Ah, Korongo. Na nani aliniambia niache?

Hakukumbuka.

Fuu, kwachu, tifu.

Siku ya pili, lilizuka suala la vimo. Bibi Tembo alikuwa ameanza kuchimba kwa mguu wa mbele, na kwa kweli alikuwa na nguvu, udongo uliruka. Nyani akamwomba asimame kidogo. Kimo cha tembo ni mpaka begani, au mpaka ncha ya mkonga ulioinuliwa? Bibi Tembo akasimama kidogo. Hakuanza tena.

Ikaundwa Kamati ya Vimo. Twiga akasema shingo yake isihesabiwe, maana shingo si kimo, ni njia ya chakula. Fisi alipimwa akiwa ameketi, akashikilia kwamba hivyo ndivyo alivyo siku zote. Nyani alipimwa akiwa amelala, kwa sababu alikuwa mgonjwa kidogo siku ile.

Nyani akaenda kumweleza Mama Ngiri kwamba vimo havijapitishwa, na achimbaye sasa huenda akalazimika kufukia. Mama Ngiri akasema ni kweli kabisa, ahsante baba. Akaondoka mkia juu, chaka chaka chaka chaka. Nusu ya njia akasimama.

Mnajua kilichofuata?

Alisahau!

Alisahau. Fuu, kwachu, tifu.

Siku ya tatu, walikumbuka kwamba nabii amesema wasingoje wingu. Nyani akasema maneno hayo lazima yaeleweke vizuri. Kungoja wingu kumekatazwa. Kuliangalia hakukukatazwa. Basi wakamteua Bwana Twiga kuwa mwangalizi wa mawingu. Asubuhi, mchana na jioni, Bibi Tembo alimwuliza Twiga, na wanyama wote walikusanyika kusikia.

"Bwana Twiga, kukoje?"

Twiga alinyosha shingo. Alitazama mashariki. Alitazama magharibi. Alichukua muda, maana cheo ni cheo.

"Kweupe."

Wakatawanyika wakisema, mwaona? Wakaenda kivulini.

Siku ya nne, Fisi alichimba. Kweli alichimba, na wote walimwona, na kulikuwa na matumaini. Alichimba urefu wa mkono akakuta mfupa wa zamani. Akauchukua akaenda kuuguguna chini ya mgunga, ku, ku, ku. Alipoulizwa juu ya shimo alisema limekwisha, limetoa lilichokuwa nacho.

"Bwana Twiga, kukoje?"

"Kweupe."

Siku ya tano, Mama Ngiri alifikia kimo chake. Alisimama ndani ya shimo na masikio yake hayakuonekana. Mzee Kobe, aliyekuwa pale karibu, akamwambia ametimiza, apumzike. Mama Ngiri akafurahi. Akatoka, akajikung'uta, akaenda kuwatafutia watoto mizizi. Alipokuwa akitafuta mizizi akasahau kwamba amemaliza. Akarudi. Akaona shimo. Akapiga magoti.

"Mama, si ulimaliza?" Kobe akauliza.

"Lini?"

Kobe akafikiri. Kobe hufikiri polepole, lakini hufika. Akaona kwamba amri haikusema ni dhambi kuzidisha. Akarudi kulala.

Fuu, kwachu, tifu. Kimo cha ngiri mmoja. Kimo cha ngiri wawili. Akakata na ngazi upande mmoja, maana sasa hakuweza kuruka nje. Chini kulikuwa na ubaridi, na watoto walipenda kulala humo mchana, jua lilipowaka.

Siku ya sita, Dimbwi la Matete lilikuwa tope. Zawena hakusimama siku hiyo. Mama yake alimlamba pua, akamwita Wewe, Wewe, na mtoto akafumbua jicho moja akalifumba. Mama Ngiri akambeba kwa mdomo akamlaza chini kabisa shimoni, penye ubaridi. Kisha akachimba upande wa pili, polepole, asimrushie mtoto udongo.

Siku ya saba, Bibi Tembo mwenyewe aliteremka. Huyu si Nyani. Huyu alisema kwa uchungu. Alisema kesho wanaondoka. Alisema yeye amezika watoto katika ukame mwingine, na anajua namna ya kufanya: unawachukua wanaosimama, na asiyesimama unamwacha kivulini, na hugeuki nyuma. Akamwambia Mama Ngiri awachukue wale watatu.

Mama Ngiri akasikiliza. Safari hii hakusema ni kweli kabisa. Machozi yakakata michirizi katika vumbi la mashavu yake. Akauliza kama maneno ya Korongo yalikuwa uongo.

Bibi Tembo akasema hajui. Alisema Korongo si mwongo, lakini angani ni kweupe.

"Nitalifikiria, Bibi," Mama Ngiri akasema.

Akaondoka kwenda kulifikiria. Alikwenda mwendo mrefu kuliko siku zote, kwa sababu jambo lilikuwa zito. Alikwenda mpaka kwenye kichuguu cha nne. Hapo akasimama. Akajua kwamba moyo unamwuma, lakini hakukumbuka kwa nini. Akasikia njaa ya kuwaona watoto wake. Akafuata nyayo zake.

Akalikuta shimo. Akawakuta watoto ndani, wanne, akawahesabu, wanne. Akaona pembeni udongo ambao haujachimbwa. Akapiga magoti.

Mpo?

Tupo.

Siku ya nane, asubuhi. Wanyama walipanga mstari, wamegeuzia bonde migongo. Bibi Tembo mbele. Nyani juu ya mgongo wa Bibi Tembo, kwa ajili ya kuongoza. Fisi na mfupa wake. Twiga nyuma kabisa, amesimama katikati ya mto mkavu, mahali pa chini, ili shingo yake isizuiwe na matawi ya migunga. Mama Ngiri alikuwa amepanda juu kumtafutia Mzee Kobe jani bichi la kulowesha mdomo, na watoto wakubwa watatu walikuwa nyuma yake. Mzee Kobe alikuwa amelala pembeni ya kishimo chake.

Bibi Tembo akauliza kwa mara ya mwisho, kwa kawaida tu.

"Bwana Twiga, kukoje?"

Twiga akanyosha shingo. Akatazama mashariki. Akatazama magharibi. Hakuna wingu, hakuna upepo. Jua peke yake, kama jicho la mtu mwenye homa.

"Kweupe," Twiga akasema. Kisha akainua mguu mmoja, akautikisa. "Ila miguu yangu imelowa."

Wote wakageuka.

Maji yalikuwa yakija kwa chini. Mvua ilikuwa imenyesha katika milima ya mbali, huko ambako hata shingo ya Twiga haifiki, siku tatu zilizopita, na siku tatu maji yalikuwa njiani yakija, wakati wanyama wanatazama juu. Yalikuja kwanza kama ulimi wa ng'ombe, yakiramba mchanga, sss, sss. Kisha nyuma ya ulimi kikaja kichwa. Guuuu. Maji mekundu, na vijiti, na majani, na povu. Twiga akapanda ukingoni kwa miguu isiyosikilizana.

Mama Ngiri akawahesabu watoto. Mashavu. Tabu. Chausiku. Akahesabu tena. Watatu.

Wa nne alikuwa chini ya shimo, amelala.

Mama Ngiri akakimbia, mkia juu, na safari hii hakusimama nusu ya njia. Akafika ukingoni. Maji yalikuwa yameanza kumiminika ndani ya shimo kwa upande wa pili, na ngazi imekuwa utelezi. Akaita.

"Wewe!"

Bonde zima likamwitikia. Bibi Tembo akaitika, naam. Fisi akaitika, si mimi. Mzee Kobe akaamka akaitika. Kila mmoja alidhani ni yeye, isipokuwa mtoto. Mtoto alikuwa amechoka, na jina lile lilikuwa la kila mtu, halikumfikia.

"Wewe! Wewe!"

Maji yakafika kwenye kwato za mtoto. Yakafika tumboni. Mama Ngiri akasimama pale na kichwa chake kikubwa, na humo ndani, ambamo kulikuwa na nafasi ya jambo moja tu, jambo lile la siku nane likatoka, maana kazi yake ilikuwa imekwisha. Na kwa kuwa limetoka, nafasi ikapatikana. Na kitu kilichokuwa kimekaa nje mlangoni tangu asubuhi ile ya kuzaa kikaingia.

"Zawena."

Hakupiga kelele. Alilisema tu, kama alivyolisema mara ya kwanza.

Zawena akafumbua macho yote mawili. Akasikia ameitwa yeye na si mwingine. Maji yakamwinua, yakampandisha, shimo likajaa naye yuko juu yake, na mama yake akamdaka sikio akamvuta ukingoni. Akakohoa, akapiga chafya, kisha akageuka akanywa, na akanywa, mpaka tumbo likawa ngoma.

Maji yale hayakukaa. Haya ndiyo watu wengi huyasahau. Yalikuja asubuhi, yakapita, na adhuhuri mto ulikuwa mchanga tena, mchanga wenye alama za maji. Hayakumbagua mtu. Yalipita kwa wote. Lakini yalikaa penye shimo.

Kishimo cha Mzee Kobe kilijaa shubiri moja na kidole, na Kobe akanywa humo mpaka mvua za kweli zilipokuja, hakupungukiwa. Shimo la Bibi Tembo, lile la siku moja na nusu, lilitoa mkonga mmoja wa maji, likakauka; Bibi Tembo akalitazama kwa muda mrefu. Tundu la Fisi lilikuwa na maji ya kulowesha mfupa. Kamati ya Vimo ilikuwa na vimo.

Na shimo la Mama Ngiri lilikuwa kisima. Kimo cha ngiri watatu kwenda chini, na upana wa kuzunguka hatua ishirini na mbili. Nilihesabiwa hatua hizo na aliyenisimulia, na yeye alihesabiwa.

Wanyama wakaja, mmoja mmoja, wakiangalia miguu yao. Wakasimama mbali. Bwana Nyani akatangulia, kwa kuwa alikuwa na hoja. Alisema shimo hili limezidi kimo cha ngiri mmoja. Kwa hiyo ngiri mmoja ana haki ya kimo kimoja, na vimo viwili vilivyozidi ni vya umma. Lakini aliyasema bila ufasaha, kwa kuwa ulimi ulikuwa mkavu, na katikati ya hoja akaanza kulia.

"Kunywa, baba," Mama Ngiri akamwambia. "Kama kuna jambo ulinikosea, silikumbuki."

Na ilikuwa kweli. Hakulikumbuka.

Nyani akanywa. Bibi Tembo akanywa. Twiga akatanua miguu yake ya mbele kama mlango, akainamisha shingo ndefu, na kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe akatazama chini. Akanywa kwa muda mrefu. Walikunywa humo siku thelathini na tatu, mpaka mvua.

Mvua zilipokuja, Mama Ngiri alichimba shimo jingine dogo, kando ya lile kubwa. Lilikuwa jembamba, refu kwa kimo cha miguu ya Korongo, ili apitapo kurudi kwao asimame humo anywe kwa raha. Wanyama wengine walimsaidia. Nyani alichimba kwa mikono yake miwili, na wala hakuuliza kipimo.

Sasa mafunzo, niyaseme wazi, maana wapo waliosinzia.

La kwanza. Ukiambiwa fanya, na aliyekuambia ni mkweli, fanya. Mawingu si kazi yako.

La pili. Asiyetaka kutii si lazima aseme hapana. Aweza kusema ndiyo na kuunda kamati.

La tatu. Kichwa hakiwezi kushika kila kitu. Basi kishike neno ulilopewa na majina ya watoto wako. Visababu na makosa ya wenzio, viache viende.

Mimi nimefika ukingoni mwa ngano yangu, na sichimbi zaidi. Aliye na kiu aongeze mwenyewe.

Mnauliza Korongo alirudi lini kunywa maji yake?

Lile shimo jembamba lilijaa, likakaa limejaa, na hakuna mnyama aliyeligusa. Mwisho wa msimu wakapita mbayuwayu, wakielekea kaskazini, na Mama Ngiri akawauliza. Wakamwambia Korongo alifika bonde la pili akasema neno lake, akafika bonde la tatu akasema neno lake, na huko, katika bonde la tatu, kabla maji hayajaja, Korongo alikufa kwa kiu.